Kabla ukuta wa Thwake haujaufunga Mto Athi, mikunga wahesabiwe

Kila Bwawa la Thwake linapotajwa kwenye habari, huwa ni kwa mambo matatu: maji ya Ukambani, mabilioni ya fedha za umma, na tarehe ya kukamilika ambayo imesogezwa mara kadhaa hata watu wamechoka kuifuatilia. Sisi wa Pwani tumekuwa tukisikiliza kama mtu anayesikiliza kesi ya jirani. Nilipoligusia suala hili barazani, mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, samaki wa Kitui na Makueni watuhusu nini sisi wenye bahari?" Swali lake ni zuri, na jibu ni kwamba baadhi ya samaki hao ni wetu. Walizaliwa baharini, wakaingia mtoni hapa kaskazini mwa Malindi, wakapanda hadi Ukambani, na siku yao ikifika watataka kurudi.

Tuanze na mto wenyewe. Wengi wetu twaujua kwa jina la Sabaki, na zaidi twaujua kwa ule wekundu unaotandaa baharini mvua zikinyesha bara. Ukipanda nao hadi ndani ya Tsavo Mashariki, mto ni ule ule ila huitwa Galana. Kabla haujakutana na Mto Tsavo huitwa Athi, na kwa masafa marefu ndio mpaka wa Makueni upande wa magharibi na Kitui upande wa mashariki. Maji ya Baricho yanayokuja Malindi, Kilifi na Mombasa hutoka kwenye mchanga wa mto huu huu. Tukisema Athi ni ya Wakamba na Sabaki ni yetu, tunagawana majina tu, mto haugawanyiki.

Ukuta unajengwa pale Mto Thwake unapoingia Athi. Kimo chake ni mita 80.5, na ziwa litakalojaa nyuma yake limekadiriwa kubeba takriban mita za ujazo milioni 680. Fedha ni za Serikali ya Kenya na Benki ya Maendeleo ya Afrika, mkandarasi ni kampuni ya China Gezhouba, na mradi ulizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta Machi 2018. Sina ugomvi na maji. Mama wa Makueni anayeamka alfajiri na punda kutafuta mtungi mmoja ana haki ya kuyapata maji hayo jana, si kesho. Ninachouliza ni hiki: mto ukishafungwa, tutajuaje kilichopotea ikiwa hatukuandika kilichokuwepo?

Samaki wa kuulizia kwanza ni mkunga. Sisemi yule wa kwenye matumbawe mwenye meno ya kutisha, nasema mkunga wa mtoni, mrefu na mtelezi kama nyoka. Bahari ya Hindi magharibi ina aina nne za mikunga hawa. Inaaminika huzaliwa mbali, upande wa mashariki ya Madagaska. Vibuu vyao, vyembamba kama jani, huchukuliwa na mikondo hadi pwani za Afrika. Wakikaribia midomo ya mito hubadilika kuwa vijimkunga vya kama urefu wa kidole, vyeupe mithili ya kioo, ukiona unaona macho mawili na mstari wa uti wa mgongo. Hapo huingia maji baridi, hupata rangi na kuanza kupanda. Hupanda maporomoko. Hupanda mwamba wenye unyevu usiku. Maporomoko ya Lugard kule Galana hayawazuii. Huishi mtoni miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi, kisha mwili hubadilika tena, tumbo huwa la fedha, macho hukua, na samaki hushuka na mafuriko hadi baharini kuzaa mara moja tu na kufa.

Ukuta wa mita 80 si maporomoko ya Lugard. Kijimkunga kinaweza kukwea saruji yenye unyevu, lakini kimo kama hicho, bila njia iliyotengenezwa kwa ajili yake, ni jambo lingine kabisa. Na yule mkubwa anayeshuka hukuta ama mlango uliofungwa ama mashine za umeme, na mwili wake mrefu ndio unaomponza kwenye mapanga ya mashine.

Ulaya wana mkunga wao, na walipata pigo linalojulikana dunia nzima: vijimkunga wanaofika kwenye pwani zao wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1980. Wanaijua takwimu hiyo kwa sababu kuna watu waliokaa kwenye midomo ya mito, mwaka baada ya mwaka, kwa njia ile ile, wakihesabu. Wavuvi wa huko walilalamika pia, kama wavuvi wa kila mahali wanavyolalamika, lakini malalamiko peke yake hayakumtoa ofisini waziri yeyote. Sisi tukiamka siku moja hatuna mkunga Sabaki, tutakuwa na nini cha kuweka mezani?

Si kwamba mto huu haujawahi kuandikwa. Mwaka 1893 Mwingereza John Walter Gregory alitembea kutoka Pwani hadi Mlima Kenya akikusanya wanyama na mawe, na mwaka uliofuata Albert Günther wa makumbusho ya London akawapa majina samaki aliowaleta. Mmoja bado anaitwa kwa jina lake, Labeo gregorii, na makao yake ni Tana na Athi. Mwaka 1955 Winifred Frost alichapisha utafiti juu ya mikunga wa Kenya. Mwaka 1960 Peter Whitehead, aliyekuwa afisa wa samaki wa serikali ya kikoloni, akaandika kuhusu uvuvi wa Athi ya chini na Sabaki. Mwaka 1998 Daniel Okeyo akayapanga upya majina ya samaki wa mto mzima, kuanzia Athi hadi Sabaki. Kazi hizo ni hazina. Lakini orodha ya majina hukwambia nani yupo. Haikwambii wako wangapi, wanapanda lini, na wanaishia wapi.

Samaki wa mtoni huhesabiwaje basi? Mtu wa Pwani ataelewa kwa haraka kuliko anavyodhani, maana zana nyingi ni zile zile za kwetu.

Chukua jarife. Wavu wa macho ya inchi mbili hukuletea samaki wa saizi moja: wadogo hupita, wakubwa hugonga na kurudi. Kwa mvuvi hilo ni jema. Kwa anayehesabu ni uongo, kwa sababu atadhani mto mzima una samaki wa saizi hiyo. Kwa hiyo watafiti huunganisha vipande vya macho tofauti kwenye kamba moja, vidogo kama vya dagaa hadi vikubwa, na kuutega kwa muda ule ule kila mahali. Muda ni muhimu sawa na wavu. Samaki kumi kwa wavu mmoja kwa saa mbili si sawa na samaki kumi kwa nyavu tano usiku kucha, na ripoti inayosema "tulipata samaki kumi" bila kutaja nyavu na saa haina thamani. Tena Athi ya chini ina mamba na viboko. Ukilaza wavu hadi asubuhi, mamba ataukagua kabla yako, ale samaki na kuondoka na kipande cha wavu. Hesabu yako hapo ni ya shibe ya mamba. Hutegwa jioni saa chache, na watu hukaa ukingoni wakiuangalia.

Mkunga naye hanaswi vizuri na jarife. Mwili wake huteleza kwenye macho. Yeye ni wa dema. Hujificha mchana chini ya mawe na mizizi, hutoka usiku kutafuta chakula, na mtego wenye mdomo wa kuingilia na chambo ndani humpata. Sioni kwa nini mafundi wetu wa madema wasiitwe Kibwezi kufundisha.

Kwenye vijito vya Makueni vyenye maji ya magotini hutumika umeme. Mtu hubeba betri mgongoni na fimbo mkononi, mkondo hafifu wa umeme hupita majini, samaki hupooza kwa sekunde chache, huokotwa kwa wavu mdogo, hupimwa na kurudishwa wakiwa hai. Kwa mvuvi wa kawaida njia hiyo ni marufuku chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na ni haki iwe hivyo. Mtafiti hupewa kibali. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuziba kipande cha kijito kwa nyavu juu na chini, ukapita mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na jinsi idadi inavyoshuka kila mpito hukuonyesha waliokuwemo wote. Kwenye mto mkuu, wenye kina na mamba, haifai. Hakuna hesabu yenye thamani ya mguu wa mtu.

Ukitaka kujua samaki wanakwenda wapi, lazima umtie mmoja mmoja alama. Siku hizi kuna kidude cha kielektroniki cha ukubwa wa punje ya mchele, hakina betri, huingizwa chini ya ngozi kwa sindano. Samaki akivuliwa tena, hata miaka mitano baadaye, kisomeo hupitishwa juu yake na namba hutokea. Ukiwatia alama samaki 100 kwenye bwawa la mto, ukarudi baada ya siku kadhaa ukavua 50 na kumi kati yao wana alama, basi uliowatia alama ni kama mmoja kwa kila watano, na bwawa lina takriban 500. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la sita anaimudu. Inasimama, lakini, ikiwa tu hakuna walioingia wala kutoka katikati, na ikiwa wavuvi wa hapo wanakueleza ukweli juu ya samaki wenye alama waliokwisha kuwala. Ndiyo maana mradi wowote wa alama usiokaa kwanza na wavuvi na kukubaliana nao zawadi ya kurudisha namba ni kazi bure.

Kwa mkunga kuna njia nyingine inayonivutia kuliko zote. Ndani ya kichwa cha samaki kuna kijiwe cha sikio, nacho hukua kwa tabaka kila mwaka kama pete za mti. Maji ya bahari yana strontiamu nyingi kuliko maji ya mto, na kijiwe huiandika. Mkunga aliyevuliwa Kitui, kijiwe chake kikikatwa na kupimwa, huonyesha kitovu cha bahari na miaka yote ya mto baada yake. Ni cheti cha kuzaliwa kinachosema: huyu ni wa Pwani. Ubaya ni kwamba lazima samaki awe amekufa. Lakini mikunga wanaliwa. Kununua vichwa kwa wavuvi ni rahisi kuliko kuua wengine.

Kuna pia upimaji wa DNA iliyomo majini, ambao sasa unasifiwa kama dawa ya kila kitu. Unachota maji, unachuja, maabara inakwambia ni samaki gani walioacha chembe zao humo. Nauunga mkono kwa kiasi. Maji ya Athi wakati wa mvua ni uji, chujio huziba baada ya kikombe kimoja. Halafu chembe husafiri. DNA uliyoikuta darajani huenda ni ya samaki aliye kilomita nyingi juu. Na haikwambii idadi. Ni njia nzuri ya kuuliza kama mkunga bado yupo juu ya ukuta, si ya kuuliza wamebaki wangapi.

Msimu nao una neno lake. Mito mingi ya Kitui, Tiva kwa mfano, ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Samaki hubanana kwenye vidimbwi vilivyobaki, na ukihesabu hapo wakati wa kiangazi utadhani mto umejaa samaki. Ukirudi baada ya mvua za vuli, ambazo Ukambani ndizo za kutegemewa zaidi, samaki hao hao wametawanyika na utadhani wamekufa. Kulinganisha kiangazi cha mwaka huu na masika ya mwaka ujao ni kudanganyana. Na huko kuna mabwawa ya mchanga mengi, yale ya ukuta mfupi unaohifadhi maji ndani ya mchanga. Yamewaokoa watu, lakini kila ukuta, hata wa mita mbili, ni kizuizi kwa samaki asiyejua kukwea, kwa hiyo anayehesabu lazima aandike upande gani wa ukuta aliposimama.

Mimi ningeanza na vituo sita. Daraja la Sabaki; Galana ndani ya hifadhi, wakiwepo askari wa KWS; daraja la barabara ya Kibwezi kwenda Kitui; chini ya ukuta wa Thwake; juu ya ukuta, ndani ya Athi; na cha sita Mto Tsavo. Cha mwisho ndicho cha maana kuliko kinavyoonekana. Tsavo huingia mtoni chini ya bwawa, haizuiwi na ukuta huu. Miaka mitano baadaye, mikunga wakiwa wamekwisha Athi ya juu lakini Tsavo wapo vilevile, ukuta ndio wa kuulizwa. Wakiwa wamepungua kote, kosa liko baharini au kwenye mdomo wa Sabaki, na hapo tutajiuliza wenyewe. Bila kituo cha kulinganisha, wakili wa mradi atasema ni mabadiliko ya tabianchi na hakuna atakayeweza kumjibu.

Tana imeshatupa somo hili. Kindaruma ilijengwa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988, hii ya mwisho ikiwa ubavuni mwa Kitui. Kuta tano kwa miaka ishirini. Wapokomo na Waorma wa chini wamesimulia kwa miaka mingi jinsi mafuriko yalivyobadilika, na kila mara huambiwa hizo ni hadithi za wazee. Hadithi ya mzee yenye daftari pembeni haipuuzwi hivyo.

Kuna mtego mwingine unaokuja, na huu utakuja na bendi na hotuba. Ziwa likijaa, sitashangaa kuona viongozi wakimwaga vifaranga vya ngege mbele ya kamera. Ngege wa kufugwa aghalabu ni wa Nile. Athi ina ngege wake wa asili, Oreochromis spilurus, na ngege hawa wakikutana huzaliana. Tanzania watafiti wameonyesha ngege wa Nile akichanganyika na ngege wa asili kwenye mito na mabwawa. Machotara hao kwa macho huwezi kuwajua kwa uhakika. Lazima ukate kipande kidogo cha pezi, ukitie kwenye spiriti, kiende maabara. Vipande hivyo vikichukuliwa leo, kabla ya vifaranga, tutakuwa na kumbukumbu ya ngege wa Athi alivyokuwa. Vikichukuliwa baada ya hotuba, ni bure.

Na kwa wasiojali mkunga wala ngege, kuna afya. Athi hubeba uchafu wa Nairobi, na Mkaguzi Mkuu wa Serikali amekwisha kutahadharisha juu ya metali nzito kwenye maji yatakayoingia Thwake. Metali hujikusanya kwenye nyama ya samaki kuliko kwenye maji, hasa samaki aishiye muda mrefu na kula wenzake. Timu ile ile inayopima urefu na uzito inaweza kuweka kando kipande cha mnofu cha kupimwa risasi na zebaki. Safari ni moja, mafuta ya gari ni yale yale.

Nani afanye? KMFRI makao yake makuu yako hapa Mombasa na ina watu wa kazi hii. Makumbusho ya Taifa yana kabati la samaki wa Kenya na wataalamu wa kuwatambua. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga wa mito mwaka 2015, kwa hiyo si kaunti ya kufundishwa kwamba mto ni zaidi ya maji. Anayekosekana kwenye meza hiyo ni Kilifi. Sijawahi kuona sababu ya serikali yetu ya kaunti kukaa kimya juu ya mto unaolisha Ghuba ya Malindi na Ungwana, ambako kamba hutegemea maji na matope ya Sabaki na Tana. Mambo ya kudaiwa kwa wenye mradi ni ya kawaida mahali pengine duniani: njia ya kukwea ya vijimkunga ukutani, au mtego wa kuwakusanya chini na kuwapandisha kwa gari, wavu wa kuwazuia wakubwa wasiingie kwenye mashine, na takwimu zote, za kabla na za baada, ziwekwe wazi kwa umma, zisifichwe ndani ya ripoti ya NEMA ambayo mvuvi hawezi kuifikia.

Yale ya Thwake yatahitaji vikao na barua. Kazi ya Sabaki haihitaji kumsubiri mtu. Usiku wa kiza, wakati wa bamvua, maji yakianza kujaa, watu wanne wa BMU wenye taa, wavu wa macho madogo, ndoo nyeupe na daftari wanaweza kusimama karibu na mdomo wa mto kwa saa mbili na kuhesabu vijimkunga wanaoingia, kisha kuwarudisha. Wafanye hivyo kila mwezi, kaskazi na kusi, mahali pale pale, saa zile zile. Wakiwa na shida ya kutambua aina, wachache watiwe kwenye spiriti na kupelekwa KMFRI. Bamvua inayofuata haiko mbali.